Masuke Yaliyovaa Karatasi

Mume wangu husema ningezaliwa mwanaume ningekuwa polisi, tena wa upelelezi. Huyasema hayo kwa simu, akiwa salama kwenye lodji anakopika karibu na lango la Ngorongoro, ambako hawezi kuona ninavyomkata jicho. Sikatai lakini. Mtu akinisifia mtoto, najiuliza anataka kuazima nini. Muuza vitunguu akinipa kimoja cha nyongeza, nakibonyeza kwanza nijue kama hakijaoza ndani. Hapa Baray watu wamenizoea na wananitania sana, na utani wao pia siuamini moja kwa moja.

Kwa hiyo siku ile yule dada mtaalamu wa mbegu aliposhuka kwenye pikapu, akabisha hodi vizuri, akauliza kama ni kweli nyumba hii ina bibi mwenye uwele wa manyoya, jibu langu la kwanza lilikuwa, "Nani amekuambia?"

Bibi mwenyewe ni mama mkwe wangu. Alikuja huku kutoka Singida akiwa bado binti, mumewe alipopata kibarua kwenye mashamba ya kahawa kule juu Karatu, na baadaye wakateremka Baray kutafuta ardhi yao. Katika vitu alivyobeba, uwele ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga. Mimi ni Mwiraqw wa huko juu, kwetu ni mahindi, maharage na ngano, na nilipoolewa hapa niliona uwele ni chakula cha ndege. Kisha mwaka mmoja nikaona mahindi yangu yalivyokauka kabla ya kubeba, wakati uwele wa mama mkwe umesimama palepale jirani yake, haujali. Kuanzia hapo nikaacha kuucheka.

Uwele wake una manyoya magumu yanayotoka kwenye suke lote. Ukilishika bila uangalifu linakuchoma. Wale kwelea kwelea wanaotua kwa makundi hadi shamba linageuka kahawia, wakifika kwenye uwele wa bibi wanajaribu, wanachomwa, wanahamia kwa jirani. Ndiyo sababu ulidumu. Lakini ndege ni kitu kimoja na ugonjwa ni kitu kingine. Kwa miaka ya karibuni ulikuja ugonjwa mbaya: suke linachomoza, halafu badala ya punje linaota majani, majani matupu, limefumuka kama nywele za mtu aliyetoka kugombana. Bibi aliuita wazimu. Aling'oa yenye wazimu, akachoma moto, na msimu uliofuata yakawa mengi zaidi. Mbegu nzima iliyobaki ilikuwa inafunika kitako tu cha kibuyu chake.

"Sijui nani atatangulia," alikuwa akisema akikitikisa kile kibuyu, "mimi au uwele." Alisema huku anatabasamu, ila sote tulijua hatanii. Uwele ule ndio kitu pekee alichonacho kutoka kwao. Ndugu waliobaki Singida wameshazikwa au wameshahama.

Sasa huyu dada wa kituo cha utafiti anaomba kiganja kimoja. Na mama mkwe wangu, bila kuuliza jina wala kabila, akashusha kibuyu akammiminia viganja viwili. Nilitamani kumshika mkono. Dada alieleza kwamba ana uwele mwingine, mfupi, unaokomaa mapema na haushikwi na ule wazimu, ila unaliwa na ndege hadi bua. Anataka kuziozesha mbegu hizi mbili, wapatikane watoto wenye manyoya ya huyu na afya ya yule, tena wanaozaa sana.

Bibi alifurahi kama anayesikia habari za posa. "Huyo mume ni wa wapi? Kwao wanakula vizuri?"

"Na hao watoto watakuwa wa nani?" nikauliza mimi.

Dada mtaalamu akacheka. Mimi sikuwa nacheka, nilikuwa nauliza. Nimeona watu wengi wakija huku na magari, wanapiga picha, wanachukua udongo kwenye vifuko, wanatuuliza tunakula mara ngapi, halafu vumbi la gari likishatulia ndiyo imetoka hiyo. Pikapu ilipogeuka nikamwambia mama mkwe, "Hiyo tumeagana nayo." Akaniambia nikachote maji.

Ilipita misimu kadhaa. Kila mvua zilipokaribia niliwatangazia watu kwamba tumeibiwa, na kusema kweli nilianza kuona raha fulani ya kuwa nilijua mapema. Kisha akarudi. Alikuwa na vifuko vidogo vidogo, kila kimoja na namba, na ombi ambalo lilinifanya nimtazame vizuri tangu viatu hadi kilemba. Alitaka kipande cha shamba letu, na si kipande chochote, alitaka palepale wazimu ulipozidi.

"Shamba linaloumwa?" nikauliza. "Mbona watu wote wanataka shamba zima?"

Akanieleza bila haraka. Ugonjwa umo kwenye udongo, akasema. Mbegu itakayougua hapa anaing'oa na kuisahau, na itakayobaki imesimama hapa ndiyo mbegu. Akichagua kwenye udongo safi atakuwa anatudanganya na kujidanganya. Maelezo yalinyooka, na maelezo yaliyonyooka sana ndiyo hunipa wasiwasi. Nilimuuliza ni kifuko kipi chenye watoto wa uwele wa bibi. Akakataa kusema. "Nikikuambia utakipendelea, dada yangu. Utakimwagia maji, utakiwekea samadi, na mimi nitapata jibu la uongo." Tukapanda vitalu, kila kimoja na kigingi chenye namba, na lile jibu lake likanikaa kooni kwa muda mrefu.

Masuke yalipoanza kuchomoza alikuja asubuhi kadhaa mfululizo akitokea Karatu mjini, na kazi aliyofanya ilileta watu hadi kwenye uzio wetu. Katika kila kitalu alichagua masuke machache mazuri kabla hayajachanua, akayavalisha mifuko ya karatasi ya kaki, akaibana shingoni, akaandika namba na tarehe kwa penseli. Nilimuuliza anaficha nini. Akasema uwele hauna aibu, unapokea chavua ya yeyote atakayeletwa na upepo, na yeye anataka baadhi ya masuke yazae na nafsi yake tu, mbegu ibaki safi. Mfugaji mmoja aliyekuwa anateremsha ng'ombe kuelekea Ziwa Eyasi alisimama na fimbo yake kwa muda mrefu, akauliza kama hayo ni mazao au ni wagonjwa.

Aliyekuja kila siku lakini ni jirani yetu, mzee wa vitunguu, ambaye shamba lake na letu yanatenganishwa na mfereji. Huyu ni swahiba wa mama mkwe. Kila asubuhi anakata katikati ya shamba letu, anaingia jikoni kwa bibi kunywa uji, na habari yoyote utakayomwachia bibi alfajiri, saa nne jirani anayo, na mchana iko mnadani. "Mmeyavisha kofia yasipigwe na jua?" alinitania. Akasimama mbele ya vigingi, mikono nyuma, akivisoma kimoja kimoja. Mimi nikaliweka hilo akilini.

Bibi yeye alikaa shambani kutwa kufukuza ndege, na kigoda chake na debe bovu la kugonga. Mara nyingine nilimwona anapita kwenye vitalu, anayagusa masuke kwa mgongo wa mkono, taratibu. Sikuwaza chochote. Bibi kuwa kwenye uwele ni jambo la kawaida, humwoni hata ukimwona.

Wazimu ulikuja, kama kawaida yake. Kitalu baada ya kitalu kilianza kufumuka majani, na dada mtaalamu kila akija aling'oa akachoma. Vingine vilisalia nusu. Vingine vilikuwa na afya lakini vipara, bila manyoya, na kwelea kwelea wakavimaliza. Namba tisa ikabaki. Fupi, imejaa, manyoya yamesimama, hakuna hata suke moja lililougua. Hata mimi nilikuwa naamka nikienda kuitazama kabla ya kuwasha jiko, na nilikuwa najikaza nisifurahi.

Halafu dada akanipigia simu kutoka kituoni. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Dada yangu, hiyo tisa ilindeni. Mbegu yake ilikuwa kiganja kimoja tu, na chote kiko hapo kwenu. Ile iliyomo kwenye mifuko ndiyo mbegu safi ya kuendelea nayo. Ikipotea hiyo, tisa imeishia hapo, na sina pengine pa kuipata."

Kisha, kwa mara ya kwanza, akasema kile alichokataa kusema: "Mama yake ni uwele wa bibi."

Nilikaa chini kwenye tuta. Nilijiambia mara moja kwamba hili halitoki mdomoni mwangu. Nikimwambia mama mkwe, jirani atajua. Jirani akijua, Baray nzima itajua kuna masuke ya thamani kwenye karatasi. Nikanyamaza. Nilimwambia mume wangu tu, kwa sababu yeye yuko mbali, na hata yeye nilimwapisha kwanza.

Asubuhi moja, uwele umeshakauka vizuri na tunamsubiri dada aje avune, nilikwenda kuitazama tisa nikakuta mifuko haipo. Si kwamba ilikuwa imedondoka. Masuke yenyewe yalikuwa yamekatwa, bua kwa bua, mkato safi wa kisu, na mengine yasiyo na karatasi yameachwa. Vitalu vingine vilikuwa na mifuko yake kama ilivyokuwa. Mwizi huyu alijua anachotaka. Katikati ya hofu yangu, nikiri, kulikuwa na sauti yangu mwenyewe inasema: nilijua.

Sikupiga kelele. Mpelelezi hapigi kelele. Nilichota majivu, nikayamwaga kwenye njia zote zinazoingia kwenye vitalu, kama mtu anayezuia siafu, nikasubiri. Kesho yake alfajiri majivu yalinijibu. Alama za kandambili za matairi zilitoka mferejini, zikakata katikati ya shamba, zikapita kando kabisa ya tisa, zikaenda moja kwa moja mpaka mlangoni pa jiko la mama mkwe. Hata ndani, juu ya sakafu aliyoisafisha bibi mwenyewe, palikuwa na majivu ya unyayo wake. Jirani alikuwa amekaa ananipungia mkono na kikombe cha uji. Nikamrudishia tabasamu. Nilimwona jinsi anavyomfanya bibi wa watu mjinga, anamwibia shambani halafu anakuja kunywa uji wake.

"Umemuuliza mama?" mume wangu aliniuliza kwenye simu.

"Mama yako hana siri na yule mzee."

"Lakini umemuuliza?"

Nikamwambia salio linakaribia kuisha.

Wala sikumpigia dada mtaalamu. Nilikuwa nimeshafika mbali zaidi kichwani. Nani mwingine alijua thamani ya mifuko ile? Ni mimi, mume wangu na yeye. Labda ametuma mtu aichukue, ili baadaye aseme tisa ilikufa, kumbe anaikuza mahali kwa jina jingine. Niliamua nisimwambie kitu. Aje, nimwonyeshe mabua matupu, nimtazame usoni.

Akaja, na mizani yake na mifuko ya kuvunia. Nilimwacha atangulie. Alipofika tisa alisimama, akazunguka kitalu, akarudi tena alipoanzia, akapiga magoti akashika bua lililokatwa. Kisha akakaa pale chini kwenye vumbi na suruali yake safi. Uso ule haukuwa wa mwizi. Nilijiambia kuna watu wamesomea hata hayo, lakini moyoni nilianza kuogopa kwa namna nyingine, kwa sababu kama si yeye, basi kweli tisa imepotea.

"Kila kitu kilikuwa hapa," akasema mwishowe.

Wakati huohuo nikamwona jirani anavuka mfereji, anakuja zake kwenye uji. Hasira zote nilizokuwa nimezifungia zikatoka kwa pamoja. Nilimwita, nikamwambia mbele ya mgeni kwamba yeye ndiye, na majivu yake ninayo, na kandambili zake ninazijua.

Mzee alitazama kandambili zake, kisha akanitazama mimi. "Mama watoto, mimi nikiiba, naiba uwele? Nina meno matatu!" Halafu utani ukamtoka usoni. "Miaka yote napita hapa. Miaka yote. Leo unanifuata kwa majivu?" Sikuwa nimewahi kumwona hivyo na sikupenda nilichokiona, lakini nilikuwa nimeshafika mbali, siwezi kurudi.

Kelele zikamtoa bibi. Alikuja na kigongo chake akiuliza tunagombania nini. Na pale ndipo nilipomwambia mama mkwe wangu, kwa mara ya kwanza, kile nilichokuwa nimemficha siku zote zile: kwamba masuke ya karatasi ya namba tisa yameibwa.

"Yameibwa na nani?" bibi akauliza. "Si yako jikoni kwangu?"

Tukaenda wote wanne mstari mmoja, bibi mbele, dada, jirani, na mimi nyuma kabisa. Jikoni kwake mimi huingia na kutoka, napokea ninachopewa, sipekui. Mkwe hapekui juu ya mafiga ya mama mkwe. Bibi akanyoosha kigongo juu. Kwenye fito za kichanja, ndani ya moshi, masuke ya tisa yalikuwa yananing'inia kichwa chini, yamefungwa kwa kipande cha kanga kuukuu, kila moja na mfuko wake wa karatasi, karatasi zimeshakuwa nyeusi kwa masizi.

"Kwetu mbegu haichaguliwi ghalani," bibi akamwambia dada, akimwelekeza kwa upole kama binti anayeanza maisha. "Unachagua ikiwa imesimama. Suke zuri unalifunga kitambaa, ili kila mtu ajue hili si la kuliwa. Likikauka, mama mwenye moto wa jikoni analikata kabla wavunaji hawajaingia, analipandisha kwenye moshi, wadudu wasiliguse. Na halizungumzwi. Mbegu haizungumzwi mpaka siku ya kupanda. Nikaona na wewe umeyafunga. Umeyafunga vizuri, hata ndege hawaoni. Nikasema, kumbe binti wa watu amefundwa. Ya vitalu vingine sikugusa, si yangu. Haya ni yangu."

"Ulijuaje ni yako, bibi? Sikumwambia mtu ila huyu," dada akasema.

Bibi akamwonyesha mgongo wa mkono wake, uliojaa vidoa vya kuchomwa na manyoya. "Nimechomwa na uwele huu tangu sijaolewa," akasema, "halafu nisiujue?"

Jirani alianza kucheka kwanza, bila sauti, mabega tu. Dada akafuata, anacheka huku anajifuta machozi. Alipanda kwenye kigoda, akageuza mfuko mmoja kuelekea mlangoni kwenye mwanga, akapangusa masizi kwa kidole. Penseli ilikuwa bado inasomeka. Namba ile, tarehe ile. Hakuna mfuko uliofunguliwa. Mimi nilisimama nikitazama sakafu, ambako majivu yangu mwenyewe yalikuwa bado hayajafagiwa yote.

Lakini kicheko kilipoisha, dada alishuka kwenye kigoda na kusema kwa sauti ndogo kwamba inabidi ayachukue. Yote. Mbegu hii haijathibitishwa, akasema, hana ruhusa ya kuiacha kwa mtu. Tena watoto wa kizazi hiki bado hawajatulia, wakipandwa ovyo karibu na uwele wenye wazimu, msimu mmoja tu tisa itakuwa imepotea humo. Na kwa vile imekaa juu ya moto hajui ngapi zitaota, kwa hiyo anahitaji kila suke.

Bibi aliacha kutabasamu. "Mbegu iliyopanda juu ya moto huu," akasema, "haijawahi kutoka kwenye mlango huu ila kwenda shambani."

Sote tulijua kibuyu kina nini. Kile kidogo cha mwisho tulikuwa tumekipanda msimu uleule upande wa pili wa shamba, na wazimu ulikuwa umekula karibu chote. Tulichokuwa nacho cha uwele wa Singida ni hicho kilichokuwa kinaning'inia pale. Kikiondoka kisirudi, basi.

Bibi akakaa kwenye kigoda. Akanitazama mimi, si dada. "Mimi kila mtu namwamini, ndiyo ugonjwa wangu. Nilimpa viganja viwili simjui. Wewe humwamini mtu. Hata huyu mzee wa watu leo umemtolea majivu. Haya, mtazame huyu binti. Ukimwamini wewe, mimi natoa."

Sijawahi kubebeshwa mzigo kama ule. Watu wote hunicheka kwa kushuku, hakuna aliyewahi kuniambia ni kazi. Nilimgeukia dada mtaalamu, na sikutaka kumkomoa, nilitaka kujua. "Ukihamishwa je? Ukiugua? Kituo chako kikiamua uwele haufai tena, wakaleta kingine? Utaturudishia?"

Nilimsubiri aape. Kama angeapa kwa Mungu na kwa watoto wake, ningekataa palepale. Alitazama masuke.

"Sijui," akasema. "Nikiwepo, ndiyo. Nisipokuwepo, sijui. Nitaacha maagizo, lakini siwezi kukuahidi kuwa yatafuatwa."

Katika maisha yangu hakuna mtu wa gari aliyewahi kuniambia sijui. Wote wanajua. Niliwaza hilo, na nikawaza kibuyu. Kisha nikapanda kwenye kigoda alichonipisha bibi, nikalifungua fundo la kanga, nikateremsha fungu lote nikamkabidhi mkononi. Manyoya yalipenya karatasi yakanichoma. Bibi hakutoka nje kuangalia gari likiondoka.

Jirani nilimwomba radhi kesho yake. Akanisamehe haraka, jambo ambalo kwangu ni dalili mbaya, kisha akaanza kuja kwenye uji kwa kuzunguka barabarani, njia ndefu kabisa, anasema anaogopa kukanyaga ushahidi.

Baada ya hapo ilikuwa ni kungoja. Kiangazi kilikuja na upepo wake wa vumbi kutoka ziwani. Mwanzoni dada alikuwa anapokea simu. Baadaye ikawa haipatikani. Mtu mmoja aliyetoka mjini akaniambia amesikia kuwa wale wa kituo wamehamishwahamishwa, na yule dada naye amepelekwa mbali, mkoa mwingine. Sikumwambia bibi. Safari hii haikuwa kwa sababu ya mdomo wake. Nilikuwa namkuta jikoni amekaa, uji umepoa, anatazama zile fito tupu, na nilikuwa natoka nje nikijilaumu na kumlaani yule dada kwa zamu. Kitu kilichoniuma zaidi ni kwamba siku zote nilikuwa nashuku bure watu wasio na hatia, na mara moja tu nilipoamini, niliamini kwa mali ya mtu mwingine.

Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa Ngorongoro pikapu iliposimama nje. Alishuka mwanaume wa makamo nisiyemjua. Akaamkia, akasema dada amehamishwa, yeye ndiye aliyeshika kazi yake, na amekuta maagizo kwamba mbegu hii ipandwe hapa kwanza kabla ya pengine popote. Imeshafanyiwa majaribio ya kuota na imeota vizuri, akasema, na nusu imebaki kituoni kwa usalama. Akanipa kifuko.

Kifuko kipya. Karatasi mpya, mwandiko mwingine. Nilikifungua palepale mbele yake, sikujali, nikamimina kidogo kiganjani. Punje za uwele ni punje za uwele, za kijivu, ndogo, unaweza kuletewa za mnada wowote ukaambiwa ndizo. Yule bwana akaanza kunieleza jambo kuhusu nafasi ya mistari. Nikamnyamazisha kwa mkono. Nikainamisha uso kwenye kiganja changu nikavuta pumzi.

Moshi. Moshi wa kuni za mgunga, na mafuta kidogo, na uji ulioungulia. Jiko la mama mkwe wangu.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kibuyu kitupu. Hakumtazama mgeni wala gari. Alikuwa ananitazama mimi.

"Ndio wao?" akauliza.

"Ndio wao, mama," nikasema. "Wamerudi."